Ukizima rimoti, ndege inaganda na mota inaendelea kunguruma

Ndugu, umesema ulizima rimoti ndege ikiwa mezani, mota ikaendelea kuzunguka na ArduPlane, programu ya otopailoti inayoiongoza ndege yenyewe, haikushtuka kabisa. Otopailoti haina kosa. Risiva yako, yaani kipokezi cha rimoti kilicho ndani ya ndege, imewekwa ishikilie amri ya mwisho mawimbi yakikatika, kwa hiyo otopailoti inaamini bado uko nayo. Mpangilio huo siupendi hata kidogo.

Toa propela kwanza. Ukiitoa baadaye utakuja kunisimulia habari za vidole.

Fungua Mission Planner, programu ya kompyuta ya kupangia otopailoti, utazame chaneli 3, ile ya mota. Tuseme mkono wa mota ukiwa chini kabisa inasoma 1000. Shusha trimu, kile kitufe cha marekebisho madogo kwenye rimoti, mpaka isome kama 920, hifadhi thamani hiyo kwenye risiva kuwa ndiyo ya mawimbi yakikatika, halafu rudisha trimu ilipokuwa. Hapo hatua ya kurudisha trimu ndiyo watu husahau. Kisha, kwenye mipangilio ya otopailoti, THR_FAILSAFE iwe 1 ili iwe macho mawimbi yakikatika, na THR_FS_VALUE, kiwango ambacho chini yake inajua rimoti imekatika, iwe 950: iwe juu ya 920, chini ya 1000, pasigusane.

FS_LONG_ACTN, hatua ya kuchukua mawimbi yakikatika kwa muda, iweke 1, ndege irudi nyumbani, yaani ilikoanzia. Kabla ya hapo, kwa kawaida, itazunguka kidogo palepale, usihamaki. Ikifika nyumbani itazunguka juu yako, haitatua yenyewe mpaka uipangie.

Sasa iweke MANUAL, hali ya kuiendesha mwenyewe, zima rimoti tena, uhesabu: baada ya sekunde chache skrini iandike CIRCLE (kuzunguka), kisha RTL (kurudi nyumbani). Isipoandika, usirushe.