Cheni ilikatika, bloku ikapasuka: nilivyoziba ufa bila kushusha injini

Cheni ya pikipiki yangu ilikatika nje kidogo ya Morogoro, ikajikunja kwenye spoketi ya mbele na kuipiga bloku, yaani kasha la injini. Nilisukuma hadi nyumbani huku oili ikichuruzika. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole gumba, upande wa kushoto, nyuma ya spoketi.

Fundi wa kwanza alisema injini ishushwe, ipasuliwe, bloku ikachomelewe kwa gesi ya agoni. Hakukosea, lakini hapo unanunua gasketi na sili upya, na pikipiki inalala gereji. Wa pili akatoa supaglu na majivu. Nikamkubalia huyo kwa sababu ya bei. Kiraka kikabanduka siku ya pili, maana alipaka gundi huku oili bado inatoka. Gundi ya kawaida haishiki juu ya oili.

Mara ya tatu nilifanya mwenyewe, kwa gundi ya chuma ya mirija miwili inayochanganywa. Nilimwaga oili yote, nikatoa kava na spoketi, kisha nikailaza pikipiki upande wa kulia usiku mzima ili mabaki yakae mbali na ufa. Asubuhi nikaosha kwa petroli, nikakausha, nikapaka unga wa chaki. Subiri kidogo: oili iliyojificha ndani ya ufa hulowanisha chaki, na unaona mstari unaishia wapi hasa. Wangu ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani.

Kwenye ncha zote mbili toboa tundu dogo, milimita 2 au 3, la sivyo ufa utaendelea kutembea chini ya kiraka. Paka grisi nyingi kwenye keekee ili vumbi la aluminiamu linase humo badala ya kuingia kwenye injini. Halafu pitisha tupa ya pembe tatu juu ya ufa upate mfereji, kwangua kwa msasa mkavu namba 80 sentimita mbili kila upande, na ufute kwa thina na kitambaa safi, tena na tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Baada ya hapo usiguse kwa kidole. Kazi hii ilinila saa mbili. Kupaka gundi, dakika kumi tu.

Katikati ya gundi nililaza kipande cha wavu wa dirisha kama nondo kwenye zege. Nikaacha saa 24. Mwenye bodaboda atalalamika kupoteza hesabu ya siku, lakini gundi haijui hesabu. Kabla ya kuwasha, nilipitisha oili kidogo safi, nikaimwaga, ndipo nikajaza. Angalia pia mpira wa kupumulia injini: ukiziba, presha itasukuma oili kutafuta njia hapo hapo.

Usijaribu hili kwenye silinda hedi karibu na ekzosi, wala panapokaa bearing, wala kwenye masikio yanayoshika injini kwenye fremu. Hapo mrudie fundi wa kwanza.

Kiraka changu kina miezi kumi na moja, kikavu. Cheni mpya naipima kila Jumapili: katikati iwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu. Ikizidi, naivuta kabla sijatoka.