Wasomaji Wauliza: Badme ilikuwa ya nani?

Mhariri, hapa Eastleigh kuna hoteli ya Wahabeshi ninapokunywa kahawa, na vita vya 1998 kati ya Ethiopia na Eritrea havikosi kuzuka mezani. Mmoja anashikilia kuwa Badme, mji mdogo wa mpakani, ilikuwa ya Ethiopia miaka yote, mwingine anasema mkataba uliipa Eritrea. Nani mkweli?
*Msomaji, Eastleigh*

Kila mmoja ana cha kushikilia. Mwaka 1998 Badme ilikuwa chini ya utawala wa Ethiopia, lakini kwenye karatasi ilikuwa upande wa Eritrea.

Mfalme Menelik II wa Ethiopia aliwashinda Waitalia pale Adwa mwaka 1896, ila hakuwafukuza Eritrea, koloni lao. Alitia saini nao mikataba mitatu ya mpaka. Wa 1900 ulifuata mito ya Mareb, Belesa na Muna. Wa 1908 ulihusu mashariki, ukasema mpaka uende sambamba na pwani, kilomita 60 kutoka baharini. Balaa lilikaa katika ule wa 1902, uliobadilisha upande wa magharibi: mpaka ufuate mto Setit hadi unapokutana na mto ulioitwa Maieteb, kisha uelekee kaskazini hadi Mareb unapopokea maji ya Mai Ambessa. Nia iliandikwa waziwazi humo: kabila la Wakunama libaki Eritrea.

Sasa, Maieteb ni mto upi? Ramani za wakati huo hazikupatana, na upimaji uliotarajiwa kufanywa na wajumbe wa pande zote mbili haukukamilika. Hakuna nguzo hata moja iliyosimikwa pale. Baadaye ramani zikazoea kuchora mstari ulionyooka kutoka Setit hadi Mareb, na Badme iko magharibi ya mstari huo.

Kisha mpaka wenyewe ukapoteza maana. Waitalia waliivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuunganisha yote. Mwaka 1952 Eritrea ikaingizwa kwenye shirikisho na Ethiopia, na mwaka 1962 Haile Selassie akaifanya mkoa. Nani angehangaika na nguzo kati ya mkoa na mkoa? Wakulima wa Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, walihamia uwanda wa Badme wakalima, na utawala ukawafuata. Eritrea ilipojitenga rasmi mwaka 1993, kura ya maoni ilikwenda vizuri mno, asilimia 99.8 wakikubali, na hakuna aliyedai mpaka upimwe kwanza. Kwa maoni yetu, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Isaias wa Eritrea na Meles wa Ethiopia, viongozi wa nchi hizo mbili, walikuwa wamepigana bega kwa bega dhidi ya Mengistu, mtawala wa kijeshi wa Ethiopia, wakadhani urafiki utatosha.

Mwalimu wetu alisema chanzo cha vita kilikuwa sarafu, si ardhi. Je, ni kweli?
*Mwanafunzi, Kasarani*

Sarafu haikuhamisha mpaka, ila ilimaliza subira. Hadi Novemba 1997 Eritrea ilitumia birr, sarafu ya Ethiopia, na shehena za Ethiopia zilipitia bandari ya Assab, Eritrea. Eritrea ilipotoa sarafu yake, nakfa, ilitaka iwe na thamani sawa na birr na zote zitumike pande zote mbili. Ethiopia ikakataa: biashara ifanywe kwa fedha za kigeni, tena kwa hati ya malipo iliyodhaminiwa na benki, isipokuwa biashara ndogo ya mpakani isiyozidi birr 2,000.

Hebu mfikirie mfanyabiashara wa Ethiopia mwenye lori la tefu, nafaka ya kule, la kupeleka Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Jana alipakia, akavuka, akalipwa taslimu. Leo mnunuzi wake anahitaji dola na benki ya kumdhamini. Ukiukwepa utaratibu, unaitwa mlanguzi, na askari wanaongezwa barabarani kukukamata. Ndipo kila kijiji kikalazimika kujulikana kiko upande gani. Tayari Julai 1997 majeshi ya Ethiopia yalikuwa yameingia Bada, eneo jingine la mpakani, na Agosti Isaias akamwandikia Meles barua kulalamika. Tume ya pamoja iliundwa, lakini ilikwenda kwa mwendo wa kobe.

Nani alianza?
*Msomaji, South B*

Mei 6, 1998 wanajeshi wa Eritrea waliuawa katika ufyatulianaji risasi karibu na Badme. Mei 12 Eritrea ikaingia na vifaru na kuitwaa. Vita viliendelea hadi Juni 2000, na makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya 70,000 na 100,000.

Makubaliano ya Algiers ya Desemba 12, 2000 yaliunda tume mbili, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Tume ya Mpaka, mwaka 2002, iliamua Badme iko Eritrea. Tume ya Madai, mwaka 2005, iliamua Eritrea ilivunja sheria ya kimataifa kwa kushambulia Mei 12. Hazigongani: kuwa na hati ya shamba hakukupi ruhusa ya kumwondoa anayelilima kwa mtutu. Uamuzi wa 2002, kwa ajabu, haukuitaja Badme katika hitimisho lake. Ulitoa mistari na vipimo tu, na serikali zote mbili zikatangaza ushindi. Ethiopia ilipogundua maana yake, ikagoma. Ilikubali kikamilifu mwaka 2018 chini ya Waziri Mkuu Abiy Ahmed.

Je, yanaweza kutokea Moyale?
*Msomaji, Kayole*

Si kwa njia ile. Kenya na Ethiopia zina mkataba wa mpaka wa 1970, na nguzo zipo ardhini. Ugomvi wa kule kwa kawaida ni wa malisho na maji. Ukitaka kupima hatari ya mpaka wowote, uliza mambo matatu: je, umekubaliwa kwa maandishi, umechorwa kwenye ramani moja inayotambuliwa na wote, na umesimikwa nguzo? Badme ilikwama kwenye la pili. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo, 1964, linataka mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe, ila halisemi lolote pale pande mbili zinapobishana mpaka huo wenyewe unapita wapi.