Nilishindwa Uchaguzi, Bibi wa Mashpee Akaniuliza Swali Moja

Wiki tatu zimepita tangu nishindwe uchaguzi. Tulikuwa tunamchagua mwenyekiti wa jumuiya yetu ya watu wa nyumbani huku Massachusetts. Kura 41 kwa 17. Wengi mmenitumia ujumbe wa pole, na wengine mmeniuliza mfanyeje ili yasiwafike yaliyonifika, maana najua nanyi mnaitamani nafasi ya kuwatumikia watu wenu. Nilikaa kimya kwa sababu jambo hili liliniuma. Bado linaniuma.

Nilijiandaa, jamani. Niliandika rasimu ya katiba, kurasa 22, usiku baada ya zamu. Niliandaa mpango wa mfuko wa mazishi, kwani kila mtu anajua kusafirisha maiti hadi Dar es Salaam si mchezo. Dada aliyenishinda hakuwa na karatasi hata moja. Alisimama, akasema, "Mnanijua," akaketi. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Jumatatu nikarudi kazini. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, hapa Cape Cod. Mmoja wao ni mama wa Kiwampanoag, mtu wa mji wa Mashpee. Namwita Bibi, na anapenda kuitwa hivyo. Wampanoag ndio wenyeji wa pwani hii, na hujiita watu wa mapambazuko, kwa kuwa jua huwachomozea wao kwanza. Walikuwa hapa maelfu ya miaka kabla ya Waingereza wa meli ya Mayflower kushuka mwaka 1620, na wapo mpaka leo. Nalisisitiza hilo kwa sababu mimi mwenyewe niliishi hapa miaka minne nikidhani wamekwisha.

Bibi amelitumikia kabila lake karibu maisha yake yote. Amekaa kwenye baraza la kabila, na amefanya kazi ofisini akiwapokea wanaokuja kuandikishwa, akifuatilia nasaba ukoo kwa ukoo. Siku hiyo alikuwa mezani jikoni akifungua quahog, kombe wakubwa wa huku. Anachomeka kisu kati ya magamba, anakizungusha mara moja, kombe anaachia. Ndani ni kweupe, na ukingoni kuna zambarau iliyokoza. Zambarau hiyo ndiyo wanayochongea shanga za wampum. Nikamsimulia yote: kura, katiba, vigelegele. Alinisikiliza bila kuweka kisu chini. Kisha akaniuliza, "Kwenu mwezi huu nani mgonjwa?"

Sikuwa na jibu.

Akafuta mikono, akavuta daftari lake la jalada jekundu. Ndani mna majina, namba za simu, na pembeni maneno mafupi: goti, kafiwa na kaka, hana gari, mtoto kafaulu. Hilo ni daftari la tisa, akasema. Mimi ndiye ninayembonyezea namba zile sasa, vidole vyake vikikataa, na nilikuwa nalishika daftari lile kila wiki bila kufikiri ni kitu gani nimeshika.

Msidhani mama huyu hajui kukataliwa. Mwaka 1976 Wamashpee walikwenda mahakama ya shirikisho kudai ardhi yao. Kabla ya kusikiliza habari ya ardhi, mahakama ikataka kwanza wathibitishe kwamba wao ni kabila. Jopo la raia likaulizwa juu ya tarehe sita: je, siku hii watu hawa walikuwa kabila? Kwa tarehe ya 1834 na ya 1842 wakajibu ndiyo. Kwa 1790, 1869, 1870 na 1976 wakajibu hapana. Hebu fikiria uambiwe hivyo na watu ambao hawajawahi kula nyumbani kwako. Ilikuwa Januari 1978, na Bibi alikuwa na miaka 28. Nilimwuliza alifanya nini siku ya pili yake. Akasema alikwenda kumwogesha shangazi yake, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Serikali ya Marekani ililitambua rasmi kabila lao mwaka 2007. Mwaka 2015 wakawekewa ekari 321 chini ya dhamana ya serikali hiyo, ziwe ardhi ya kabila. Halafu tarehe 27 Machi 2020, Ijumaa, watu wamejifungia kwa korona, wakaarifiwa kwamba dhamana ile inafutwa. Mahakama ikaizuia hatua hiyo, na Desemba 2021 serikali ikathibitisha kwamba ardhi inabaki yao. Wikiendi ile ya Machi, Bibi aliikesha kwenye simu, akiuliza nani ana chakula na nani hana.

Ndiyo maana nawaambia: hudhurieni. Nenda msibani. Nenda hospitali. Nenda kwenye kipaimara cha mtoto wa mtu usiyempenda. Mimi nilikuwa natuma mchango kwa simu na kuamini nimeshiriki. Katika misiba mitano ya mwaka jana nilifika miwili, na yote miwili niliondoka kabla ya vyombo kuoshwa. Watu waliona. Hakuna aliyenisema, lakini waliona.

Julai iliyopita Bibi alinipeleka kwenye powwow yao, mkusanyiko wa kila mwaka. Usiku wanaume walicheza mpira wa moto. Mpira wenyewe ni wa vitambaa vilivyolowekwa mafuta ya taa, unawashwa, nao wanaupiga na kuunyanyua kwa mikono. Mimi nilidhani ni burudani. Kumbe ni mchezo wa tiba, unachezwa kwa ajili ya wagonjwa, na mchezaji anabeba maumivu badala ya mtu. Kijana mmoja alitoka mkono umembabuka, akaja moja kwa moja kumbusu mama mmoja aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu nasi. Ndugu yangu unayetaka uongozi, umewahi kuungua kwa ajili ya nani?

Na tusiidharau lugha. Zaidi ya miaka mia ilipita bila mtu anayezungumza lugha yao, Wôpanâak. Mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird, mwanamke wa Mashpee, akaanza kuifufua kutoka kwenye maandishi ya kale, mojawapo likiwa Biblia iliyochapishwa mwaka 1663. Akaenda kusomea isimu, yaani elimu ya lugha, chuo kikuu cha MIT, na binti yake akakua akiisikia lugha hiyo tangu utotoni. Wao waliitafuta kwenye karatasi za wafu. Sisi Kiswahili kiko hai mdomoni mwetu, na watoto wetu wanamjibu bibi yao wa Tanga kwa Kiingereza kwenye simu. Wangu wawili wamo. Wenzangu, zungumzeni na watoto, leo, wakiwa bado wanasikiliza.

Nimenunua daftari. Kwa sasa lina majina kumi na moja, na kuyapata tu ilinibidi nipige simu nyingi za aibu, nikiwauliza watu habari ambazo ningepaswa kuwa nazo. Mama mmoja wa Lowell alipokea simu yangu akanyamaza kwanza, kisha akauliza kama uchaguzi unarudiwa. Nikamwambia haurudiwi. Tukaongea saa nzima juu ya mgongo wake.

Jumamosi kuna arobaini Worcester, ya mzee ambaye nilimjua kwa salamu tu. Anayesimamia jiko ni yule dada aliyenishinda. Nilimpigia jana kumwuliza nilete mchele kilo ngapi. Akasema mchele upo, nifike saa moja asubuhi, na nije na kisu changu cha vitunguu.