Mwanangu, rozari usiifiche

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama mlangoni, ya pili nimekaa na miwani. Unasema umehamia mji ambao humjui mtu, Jumapili sita umeingia Misa na kutoka bila hata mmoja kukuuliza jina, na sasa wenzako wa kazini wanaokutana kila Jumatano jioni kusali nyumbani kwa mmoja wao wamekualika. Karibu wote si Wakatoliki. Unaniuliza: "Mama, nikienda nitakuwa nimekosea? Na nitajuaje kama wananitaka mimi, au wanataka tu nihame kanisa?"

Swali la kwanza nitalijibu upesi. Hukosei. Wakubwa zangu walifundishwa kukaa mbali na sala za Waprotestanti, na huenda ukakutana na mzee wa parokia atakayekukemea hadi leo kwa mafundisho aliyopewa utotoni. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wetu wa dunia nzima, katika hati yake juu ya uekumene, yaani kutafuta umoja wa Wakristo, iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964, ulisema kwamba kusali pamoja na ndugu zetu wa makanisa mengine, hasa tunapoombea umoja, ni halali na tena ni jambo la kutamaniwa. Msingi wake ni ubatizo. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ni wa Kristo kama wewe, na hata akitaka kuwa Mkatoliki Kanisa halimbatizi mara ya pili. Kwa hiyo nenda bila dhamiri kukusumbua.

Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya.

Nilipokuwa na umri kama wako nilijiunga na kikundi cha maombi cha akina dada. Walinipenda, na nilipougua walikuja kuniona kabla ya ndugu zangu. Waliimba vizuri mno. Wiki ya pili mmoja alisema neno la mzaha juu ya watu wanaosalia sanamu, wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Tangu siku hiyo, kila nikikaribia mlango, nilikuwa naitoa ile rozari ya mbao niliyopewa na bibi yako, naikunja ndani ya kitambaa na kuisukuma chini kabisa ya mkoba. Hakuna aliyeniambia niifiche. Nilijua tu.

Nilisali nao hivyo karibu mwaka mzima, nikiwa na mkoba magotini na mkono juu yake.

Halafu bibi yako akafariki. Jumatano iliyofuata niliwaomba tuiombee roho yake. Chumba kikawa kimya. Kiongozi akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba aliyekufa haombewi, ila mimi niliye hai ninahitaji kufunguliwa kutoka kwenye roho ya dini. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea. Nililia sana, na wao wakashangilia, wakidhani kuna kitu kinanitoka. Nilikuwa nalia kwa sababu nimefiwa na mama.

Imani yao siilaumu. Sisi tunaombea marehemu, na Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinasimulia sadaka iliyotolewa kwa ajili ya waliokufa vitani. Lakini Biblia yetu ina vitabu 73 na yao ina 66, na Wamakabayo hawamo katika ile yao. Ukimtajia mtu andiko kutoka kitabu asicho nacho, humshawishi. Wangeniambia, "Dada, sisi hatuombei marehemu, lakini tuko pamoja nawe katika msiba," ningewashukuru hadi leo. Kilichoniumiza ni kwamba walichukua kilio changu wakakitumia kunibadili dini. Na mimi nilikuwa nimewapa nafasi hiyo, kwa kujificha muda wote ule.

Ndiyo maana nakuambia: kikundi kinachokufaa ni kile unachoweza kukiingia ukiwa Mkatoliki tangu jioni ya kwanza, bila kuficha kitu. Jitambulishe mapema, kwa uchangamfu. "Naitwa fulani, mimi ni Mkatoliki, nimefurahi mmenialika." Kisha tazama nyuso zao. Usingoje mpaka mzoeane, kwa kuwa ukishazoea kunyamaza, kusema kunakuwa kugumu kila wiki inayopita.

Miaka mingi baadaye nilifanya hivyo hasa, katika kikundi kingine. Kiongozi alikuwa mama mmoja Mlutheri, mtu mzima. Nilimwambia mimi ni Mkatoliki na nitabaki Mkatoliki. Akasema, "Karibu. Basi utatuonyesha mnavyosali." Nilipofanya ishara ya msalaba alingoja nimalize ndipo akaanza. Rozari ilikaa pajani mwangu, na hakuna aliyeikodolea macho.

Tulipofika kwenye Baba Yetu jioni ile ya kwanza, sala ilitukatikia mdomoni. Mimi nilisema "ufalme wako ufike", wao "ufalme wako uje". Mimi "utakalo lifanyike", wao "mapenzi yako yatimizwe". Nilipotamka "utuopoe maovuni, amina" na kufumbua macho, wao ndio kwanza walikuwa wanaendelea: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu." Niliona aibu, kisha nikakumbuka kwamba maneno hayo hata sisi tunayasema katika Misa, baada tu ya padre kumalizia sala ile. Wiki iliyofuata nilichelewesha amina yangu nikaenda nao hadi mwisho, na yule mama akaniminya mkono.

Siku ya kumkumbuka marehemu bibi yako ilipofika niliogopa kusema, lakini nilisema. Yule mama aliniuliza, "Mama yako aliitwa nani?" Kisha akasali akimtaja kwa jina. Alimshukuru Mungu kwa maisha yake, kwa jinsi alivyonilea, kwa imani aliyonirithisha, akaniombea faraja. Alipomaliza hakukimbilia wimbo. Aliacha kimya, na katika kimya kile nikasema moyoni, "Raha ya milele umpe ee Bwana." Yeye hakuvunja imani yake, na mimi sikuvunja yangu. Nikisikia watu wanasema Mkatoliki na Mprotestanti hawawezi kusali pamoja bila mmoja kujikana, huwa namkumbuka mama yule.

Sasa, kabla hujazama huko, kuna swali moja ningependa uwaulize wenzako. Waulize kama wamewahi kuwa na Wakatoliki wengine, na wako wapi leo. Wakikutajia fulani ambaye bado yumo na bado anakwenda Misa, tulia. Wakikuambia kwa furaha kwamba wote "waliokoka", maana yake wote walihama, umeshajibiwa. Sikiliza pia shuhuda. Kama kila juma anasimama mtu kusema "nilikuwa Mkatoliki, gizani", na maombi ya kufunga kila mara yanawataja wanaoabudu Mariamu, wenyewe wanaweza kukukumbatia vizuri sana mlangoni, lakini akufukuzaye hakuambii toka. Na kikundi chochote kitakachokutaka usimwambie paroko kwamba unakwenda, kiache usiku uleule.

Lakini usiwe mwepesi wa kuona ubaya. Mtu anaweza kutokubaliana na mafundisho yetu na bado akakupokea kwa moyo mweupe. Akikuuliza kuhusu Bikira Maria kwa sababu anataka kujua, mjibu, tena mfungulie Luka sura ya kwanza, ambamo Maria mwenyewe anasema vizazi vyote watamwita mbarikiwa. Hiyo iko katika Biblia yake pia. Akikuambia sisi tunadhani tunaokolewa kwa matendo yetu, mweleze kwa utulivu kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu, kwa imani katika Kristo, si kwa sababu ya stahili yetu, na Roho anatutia nguvu ya kutenda mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Ugomvi uliowatenganisha watu tangu karne ya 16 uliwekwa mezani ukazungumzwa. Wengi wa pande zote mbili hawajawahi kusikia habari hiyo, na inasikitisha.

Watakuuliza, "Umeokoka?" Usikasirike wala usione wanakuchimba, kwao ni kama salamu. Mimi nilijifunza kujibu kwa Mtakatifu Paulo, ambaye alisema jambo hilo kwa nyakati zote tatu: tuliokolewa (Warumi 8:24), tunaokolewa (1 Wakorintho 1:18), tutaokolewa (Warumi 5:9). Waambie nilibatizwa katika Kristo, ninamfuata leo, ninatumaini kufika kwake. Sema ukiwa unaamini, kwa sababu ni kweli.

Misa ya Jumapili usiiache, mwanangu. Jumatano yao haiwezi kuchukua nafasi yake, hata ikiwa tamu kiasi gani. Wakila meza ya Bwana katika ibada yao, kaa kwa heshima usipokee, kwa kuwa kupokea ni kusema tumekwisha kuwa mwili mmoja wakati bado tunauombea umoja huo. Nilipokaa hivyo mara ya kwanza iliniuma, na nadhani inapaswa kuuma. Na mtu akitaka ubatizwe upya, kwa maneno yoyote matamu, mjibu hapana. Ulibatizwa mikononi mwangu. Nakumbuka ulivyopiga kelele maji yalipokugusa.

Nimekaa sana juu ya Jumatano, lakini zile Jumapili sita nazo zimenikaa moyoni. Ni aibu yetu Wakatoliki. Tunaimba "tu mwili mmoja" halafu tunakimbilia kutoka, na mgeni anabaki peke yake ukumbini. Wengi waliotuacha hawakushindwa na hoja yoyote. Walikwenda kwa mtu aliyewauliza jina.

Kwa hiyo tafuta na huku pia. Baada ya Misa usiondoke upesi, mfuate paroko umwambie wewe ni nani na unatafuta wa kusali nao. Uliza kama kuna jumuiya ndogo ndogo jirani na unapoishi, au kikundi cha kutafakari Neno. Kama unachokitamani ni uchangamfu wa wale wenzako, mikono juu na nyimbo ndefu, uliza habari za Karismatiki, Wakatoliki wenzetu wanaosali kwa namna hiyo. Wapo wanaodhani ni kitu cha kuazima kutoka kwa walokole, lakini katika Kanisa letu kilianza Februari 1967, wanafunzi na walimu wachache wa Chuo Kikuu cha Duquesne kule Pittsburgh, Marekani, walipokwenda mafungo ya siku chache wakasali wamfungulie Roho Mtakatifu mioyo yao. Leo wamo duniani kote. Na kama wewe ni mtu wa kimya kama baba yako, ulizia sala za mtindo wa Taizé, ile jumuiya ya watawa kule Ufaransa iliyoanzishwa na Bruda Roger, Mprotestanti, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na mabruda Wakatoliki na Waprotestanti chini ya paa moja. Wanaimba mstari mmoja mfupi, wanaurudia mpaka unakuingia, kisha wananyamaza.

Januari nayo haiko mbali. Kuanzia tarehe 18 hadi 25, sikukuu ya Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo, ni Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, desturi iliyoanza mwaka 1908. Makanisa mengi husali pamoja siku hizo. Wale unaowakuta huko wamekuja wakijua watakaa benchi moja na wewe, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupata marafiki wa sala. Waalike na hao wenzako wa kazini. Ukishaalikwa, na wewe alika, ili wasibaki wao tu wenye nyumba na wewe mgeni kila siku.

Nimekuwekea rozari ya bibi yako ndani ya bahasha hii, ile ile ya mbao. Punje moja imepasuka, usishtuke, ilikuwa hivyo tangu enzi zake. Jumatano nenda nayo, iweke pajani.

Nami Jumatano saa hiyo hiyo nitakuwa napiga magoti hapa nyumbani. Ukirudi niandikie walikupokeaje, ni nani alikuwa wa kwanza kukuuliza jina, na mlipofika mwisho wa Baba Yetu, ulibaki na amina yako peke yako au kuna aliyekungoja.

Mama yako akupendaye.