Bei ya Kutaja Unapouza Nyumba

Nyumba ya wazazi wetu ilikuwa Tabata, Dar es Salaam: vyumba vinne, hati safi, gari linafika mlangoni. Mahakama ilipomteua kaka kuwa msimamizi wa mirathi, tulikaa ndugu wanne kupanga bei. Mmoja akakumbusha mabati yaliyobadilishwa, mwingine kisima, mimi nikataja marumaru niliyolipia. Tukajumlisha, tukaongeza kidogo ya kupunguziwa, tukafika milioni 180. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyewahi kulipa hivyo mtaani kwetu.

Wiki tatu za mwanzo watu walikuja. Kisha kimya. Tukashusha milioni tano, tukashusha tena tano, na kila tuliposhusha, waliokuwa wakifuatilia walingoja tushushe zaidi. Mwezi wa saba mama mmoja aliniuliza pale getini, "Hii nyumba ina tatizo gani hadi leo haijauzwa?" Haikuwa na tatizo lolote. Iliniuma sana.

Ndipo nikaanza upya. Usiulize wanaouza, uliza waliokwisha kuuza. Jirani wa nyumba ya tatu alisemekana kupata milioni 160. Nilipokwenda kukaa naye kwa heshima, aliniambia aliondoka na 125. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye anajua mengi, maana hushuhudia mauziano. Halafu tukamlipa mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake ilikuwa na namba mbili: thamani ya soko, milioni 132, na thamani ya mauzo ya lazima, yaani ya kuuza kwa haraka ukiwa umebanwa, ambayo ni ya chini zaidi. Ukimpata mnunuzi wa mkopo, benki itataka tathmini pia, na ukitaja bei inayozidi sana tathmini hiyo, tofauti ataitoa mfukoni. Wengi hawana.

Kuhusu madalali: kataeni cha juu, yaani dalali kuongeza pesa yake juu ya bei yenu. Sisi tulikubali, tukidhani hakituhusu kwa kuwa hakitoki kwetu. Kumbe wateja walikuwa wakitajiwa 200 na 210, kila dalali na yake, na wengine hawakufika hata kuiona nyumba. Safari ya pili tulibaki na dalali mmoja, kamisheni ikaandikwa, na bei ikawa moja kwa kila anayeuliza.

Kabla ya kutaja bei, piga hesabu ya kitakachobaki mkononi. Kuna kamisheni, kuna mwanasheria, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa Tanzania kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida. Kwa kuwa inatozwa kwenye faida, risiti za ujenzi na ukarabati ni pesa. Za baba tulizikuta chache tu kwenye bahasha; za marumaru yangu nilikuwa nimeshazitupa.

Mara hii tulitaja milioni 138, maongezi yapo. Nafasi ya kupunguza iwepo, watu wetu hawanunui bila kupunguziwa, lakini iwe ndogo kiasi kwamba mteja aone kuna pa kuanzia. Bei ya mwisho, ambayo hatungeshuka chini yake, 125, tuliiandika kwenye karatasi, tukasaini wote wanne, kaka akabaki nayo. Wiki ya sita familia moja ilifika 129, na kaka akawapa mkono palepale bila kumpigia simu yeyote kati yetu.