Kilomita 30 kwenye vilima vya Sussex: hesabu jua kwanza

Jumamosi iliyopita mimi na mdogo wangu tumetembea kutoka Southease hadi Eastbourne, pwani ya kusini mwa Uingereza, kama kilomita 30, na tumefika kukiwa bado kweupe. Nilipoweka picha, simu haikupumzika. Ujumbe ulionikalisha chini kuandika ni wa dada mmoja wa Leicester. Anataka kupita njia hiyohiyo katikati ya Novemba, na anauliza abebe nini.

Dada yangu, begi baadaye. Kwanza jua linazama saa ngapi?

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea giza kuingia saa zilezile mwaka mzima, kwa hiyo tukipanga safari ya miguu tunauliza umbali tu. Kusini mwa Uingereza, mwishoni mwa Septemba unapata kama saa 12 za mwanga. Katikati ya Novemba zinabaki kama 9, na jua linazama saa 10 na dakika chache alasiri. Sasa piga hesabu ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892 na watu wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, halafu dakika 1 zaidi kwa kila mita 10 unazopanda. Kilomita 30 ni saa 6. Njia hii ina zaidi ya mita 800 za kupanda ukijumlisha vilima vyote, ongeza saa 1 na dakika 20. Hapo hujala, hujakaa, hujapiga picha hata moja. Mimi huongeza theluthi juu yake, inakaribia saa 10. Kwa Novemba haiingii.

Nasisitiza hesabu kwa sababu ninacho kidonda. Nilipokuwa mgeni nchi hii nilijiunga na kikundi cha watembeaji. Tangazo lao lilitaja kilomita peke yake, vilima hawakuvitaja. Nilikuwa Mwafrika pekee siku ile. Kwenye mpando wa pili nikabaki nyuma. Wao walikuwa wanasimama kileleni kunisubiri, nami nikifika tu, wanaondoka. Kila kilima wao wanapumzika, mimi sipumziki. Mwishowe kiongozi akaniambia mbele ya wote kwamba labda matembezi ya bustanini yangenifaa zaidi. Maneno hayo sijayasahau, na sidhani nitayasahau. Tangu hapo siku yangu naipanga mwenyewe, na ndiyo maana nawaambia: ukimwachia mwingine hesabu, unatembea kwa mapafu yake.

Turudi kwenye njia. Southease ni kituo kidogo cha treni kwenye reli ya Lewes kwenda Seaford. Ukitoka tu, Itford Hill inakusubiri, tena ya mwinuko mkali, kabla miguu haijapata moto. Ardhi yote ya hapa ni chaki. Ikilowa inakuwa uji mweupe unaoganda kwenye soli, na ndani yake mna vipande vya gumegume vyenye ncha. Buti zenye meno ni lazima. Ukishafika juu, unatembea kwenye mgongo wa vilima hadi Firle Beacon, mita 217, bahari kulia, mashamba kushoto. Hapo tulikuta ng'ombe na ndama wao wamejazana mlangoni mwa uzio. Tulizunguka mbali, kimyakimya, bila kupita kati ya mama na mtoto. Ng'ombe mwenye ndama si wa kuzoeana naye.

Kisha unashuka kijiji cha Alfriston, na hapa ndipo mahali pa kuamua. Njia tuliyoifuata, South Downs Way, inayotoka Winchester hadi Eastbourne kwa kilomita 160, inagawanyika hapa. Moja inapita bara, juu ya Windover Hill na kijiji cha Jevington, nayo ni fupi. Nyingine inafuata mto Cuckmere hadi baharini. Sisi tulikuwa tumeandika kwenye karatasi tangu nyumbani: tukifika Alfriston baada ya saa 7 mchana, tunapita bara, hakuna mjadala. Tulifika saa 6 na nusu. Tukala chapati zetu, tukajaza maji, tukashika njia ya baharini.

Seven Sisters, vilima saba vya chaki vinavyofuatana ukingoni mwa bahari, ndivyo vinavyovunja watu. Cha kwanza, Haven Brow, kina mita 77 tu, ukikisoma kwenye karatasi unakidharau. Lakini unapanda, unashuka karibu yote uliyopanda, unapanda tena, na kila ukidhani ni cha mwisho kingine kinainuka mbele. Mdogo wangu alinyamaza kabisa kuanzia cha nne. Baada ya hapo bado kuna Beachy Head, mita 162, jabali la chaki refu kuliko yote ya baharini nchini Uingereza. Hapo nililia, na sioni aibu kusema.

Nawasihi, kaeni mbali na ukingo. Nyasi zinaonekana imara, kumbe chini yake chaki imeshaliwa na bahari. Jumba la zamani la taa la Belle Tout ilibidi lisogezwe mita 17 mwaka 1999 kwa sababu jabali lilikuwa linalifuata. Na kuna watu wanakaa ukingoni wananing'iniza miguu wapigwe picha! Mzazi wako atapokea simu gani?

Haya, begi: ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la hapa, ya 1:25,000 (sentimita 1 ni mita 250), maana simu huisha chaji, tochi ya kichwani, koti la mvua, soksi za kubadilisha, filimbi, ambayo ukipata shida unaipuliza mara 6 kwa dakika, na maji, lita 2.

Kwa Novemba, dada, anzia Seaford badala ya Southease. Ni kama kilomita 22 hadi Eastbourne, na vilima vyote saba unavipata. Mdomoni mwa mto Cuckmere hakuna daraja, lazima uingie bara hadi kwenye daraja la Exceat, na hapohapo linapita basi namba 12 ukitaka kuishia. Ondoka Seaford saa 2 asubuhi. Ikipita saa 5 hujafika Exceat, panda basi. Usiku wa kuamkia safari angalia kama treni zinatembea, wikendi mara nyingi wanafunga reli kwa matengenezo. Wakifunga, ahirisha. Ukishapata tarehe niandikie. Nikiwa sina zamu, nakuja.