Dume haonekani: mwezi, chupa ya mkojo na upepo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Milwaukee na huu ni mwaka wangu wa tatu kuwinda kwa upinde. Mwenye shamba mmoja kusini-magharibi mwa Wisconsin ameniruhusu kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwenye ekari zake 40 za vilima na misitu. Mwaka jana nilichukua likizo tarehe 9 hadi 14 Novemba. Nilimwaga chupa mbili za mkojo wa jike, ule unaouzwa wa kuita madume, kuzunguka dungu langu. Kila siku nilishuka saa tatu asubuhi kwenda kula, nikarudi saa tisa alasiri. Hali ya hewa ilikuwa ya vuguvugu. Sikuona dume hata mmoja wa maana. Wenzangu wanasema mwezi haukuwa mpevu, kwa hiyo majike hawakuwa tayari kupandwa. Nimenunua kalenda ya mwezi. Nisogeze likizo? Na je, kuna chupa bora zaidi?

JIBU: Marahaba. Likizo usiisogeze kwa ajili ya mwezi, na chupa usinunue tena, iwe ya bei kubwa au ndogo.

Nafundisha usalama wa uwindaji, na kila Oktoba swali hili la mwezi linanifikia. Linanichosha, kwa sababu jibu lake lilishapatikana zamani. Majike wanaokufa barabarani wakati wa baridi hupasuliwa na wataalamu wa wanyamapori, vichanga walio tumboni wakapimwa urefu, kisha siku zikahesabiwa kurudi nyuma hadi siku ya kupandwa. Mwaka baada ya mwaka, katika majimbo ya kaskazini kama Wisconsin, hesabu inaangukia katikati ya Novemba, mwezi uwe mpevu au mchanga. Kinachoamua ni mchana kufupika. Jicho linapokea mwanga, ubongo unapima urefu wa usiku, na homoni zinafuata. Mimba ya kulungu ni siku 200 hivi, kwa hiyo aliyepandwa Novemba huzaa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, majani yakiwa mabichi na baridi imekwisha. Jike atakayezaa mwezi mmoja baadaye, mtoto wake anaukuta msimu wa theluji akiwa bado mdogo. Mnyama hawezi kuuachia mwezi jambo zito kama hilo.

Vuguvugu nalo halikuahirisha kitu. Lilichofanya ni kupunguza mwendo wa mchana. Novemba kulungu ameshavaa manyoya mazito ya baridi, na dume anayekimbiza majike huku jua linachoma anachoka upesi, basi anahamishia shughuli zake usiku. Kupandana kunaendelea kama kawaida, ila wewe huoni.

Sasa tazama tarehe zako. Zilikuwa nzuri, lakini ziliangukia siku ambazo majike wengi wako tayari kwa wakati mmoja. Dume akimpata mmoja, anakaa naye siku moja au mbili mahali ambapo hungedhani, kwenye nyasi ndefu au kichaka kidogo katikati ya shamba la mahindi lililovunwa, na hasogei. Msitu unakuwa kimya, mwindaji anadhani msimu umekwisha. Dume huyo akimaliza, anainuka kutafuta mwingine, na mara nyingi anapita kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Saa hizo wewe ulikuwa unakula. Mwaka huu panda na chakula chako, ukae kutwa. Kama likizo inaruhusu, anza tarehe 3 au 4 Novemba, wakati madume wanazunguka wakitafuta na majike walio tayari bado ni wachache. Ukikaa kutwa usingizi utakujia, kwa hiyo mkanda wa usalama uufunge kabla mguu haujaacha ardhi na usiufungue mpaka umerudi chini.

Pa kukaa ni swali ambalo hukuniuliza, na ndilo lililokuangusha. Dume wa Novemba hafuati chakula, anafuata majike. Tafuta wanapolala majike, kisha usipaingie. Katika vilima vya upande huo mara nyingi wanalala karibu na mgongo wa kilima, na dume anapita upande ambao upepo unashukia baada ya kuvuka mgongo, chini kidogo yake, ili pua yake ipate harufu ya wote waliolala juu bila kumtembelea kila mmoja. Mabaharia wa kwetu wangesema anapita demani, yaani upande upepo unakoelekea. Basi na wewe ukae demani ya njia yake, ili harufu yako isimfikie. Kumbuka pia kwamba jua likipanda, hewa ya bondeni hupanda nalo, na jioni hushuka kama maji. Dungu zuri la asubuhi linaweza kukusaliti jioni. Upepo ukikataa, usipande dungu hilo siku hiyo. Nenda dungu jingine, au baki nyumbani.

Pua hiyo hiyo ndiyo sababu ya hasira yangu na wauza chupa. Mkojo huo unakusanywa chini ya sakafu za wavu kwenye mashamba ya kulungu wa kufugwa, ukiwa umechanganyika wa wanyama wengi pamoja na kinyesi. Chupa haikuambii umekaa siku ngapi, na mkojo uliokaa huvunda na kutoa harufu ya amonia. Anayekuuzia kama dawa ya kuita dume anacheza na haraka yako, kama mganga anavyocheza na shida ya mgonjwa.

Fedha iliyopotea si jambo kubwa. Kubwa ni ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaoitwa kwa kifupi CWD. Ulitambuliwa Colorado mwaka 1967, na Wisconsin ukagunduliwa mwaka 2002, katika upande huo huo wa jimbo unakowinda. Hausababishwi na bakteria wala virusi, bali na prioni, protini iliyopinda inayopindisha nyingine. Hutoka kwa mate, kinyesi na mkojo, na hudumu udongoni miaka mingi. Hauna dawa wala chanjo, na kulungu anaweza kuubeba zaidi ya mwaka mzima akiwa ananenepa na kung'aa. Virginia ilipiga marufuku mkojo wa asili wa kulungu kwa uwindaji mwaka 2015. Wewe ulimimina chupa mbili kwenye ardhi ya mtu aliyekuamini.

Na hapa nasema na Waswahili wenzangu wote mnaowinda huku, kwa sababu nawajua na meza zetu nazijua. Tunapenda supu ya kichwa. Tunapenda mifupa ya mgongo. Prioni hujazana hasa kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na matezi, na kuchemsha hata kutwa nzima hakuziui. Hakuna mtu aliyethibitika kuugua CWD, lakini mamlaka ya afya ya Marekani inashauri usile mnyama aliyepimwa akakutwa nao, na mimi sitasubiri mtoto wa mtu awe wa kwanza. Kichwa cha kulungu wa huku kisiingie sufuriani. Toa minofu kwenye mfupa bila kupasua uti kwa msumeno.

Kata kichwa ukiacha shingo ya inchi tano hivi, kipeleke kituo cha idara ya maliasili cha kukusanyia sampuli. Kupima ni bure. Nyama igandishe, kila mfuko uuandike namba ya sampuli, na usimgawie jirani hata kipande mpaka majibu yarudi.